Ukufi wa Maharage Yaliyoshindwa

Kwanza anayamwaga yote. Kibuyu kikipinduliwa juu ya ungo, maharage hutoka kwa mshindo kama mvua ya ghafla juu ya bati, na majivu yaliyokuwa yakiyahifadhi hupanda kama moshi. Bibi hangoji yatulie. Anashika ungo kwa mikono miwili, anapepeta mara tatu, mara nne, majivu yanachukuliwa na upepo wa asubuhi, na kinachobaki ni rangi. Kuna jekundu lililokolea kama ini. Kuna la njano, kuna jeusi tii, kuna la kijivu lenye michirizi, kuna jeupe lenye doa la zambarau pale kwenye kovu la mbegu, na kuna lile la madoa ya damu ya mzee ambalo mnadani huisha kabla ya mengine.

Hapa ni Mogitu, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake juu ya tambarare na kilele chake kimevaa wingu. Nimekaa kwenye kigoda kando ya bibi wa Kiiraqw aliyekwisha kupita miaka sabini, nikitazama kazi ambayo wengi hata hawaiiti kazi. Ukimuuliza anafanya nini, atakuambia anachagua mbegu. Neno hilo lilinipoteza mwanzoni. Nilidhani kuchagua ni kutafuta lililo bora na kuyaacha mengine. Asubuhi karibu yote ilipita kabla sijang'amua kwamba huyu bibi anafanya jambo gumu kuliko hilo.

Vidole vyake vinatembea juu ya ungo bila haraka. Lenye tundu la mdudu linatoka. Lililosinyaa linatoka. Lenye baka la kutu kutu, alama ya ugonjwa uliopenya ganda shambani, linatoka, na hilo halitupwi kwa kuku kama mengine, linaingia motoni. Lililopasuka ngozi linatoka hata likiwa nono, maana mbegu iliyopasuka hunywa maji kwa pupa na kuoza kabla ya kuota. Mara kwa mara analiuma moja kwa meno ya mbele. Likidinda, limekauka vya kutosha. Likiacha alama ya jino, ungo mzima unarudi juani. Hana kipimo kingine cha unyevu, na sikumwona akikosea.

Hadi hapo, mtu yeyote mwangalifu angeweza kujifunza. Kinachofuata ndicho kilichonifanya nirudi siku ya pili na ya tatu. Maharage safi anayatenga kwa rangi, mafungu sita juu ya gunia lililotandazwa. Mafungu hayalingani hata kidogo. La madoa ya damu ya mzee ni kilima, zaidi ya nusu ya mavuno yote. La njano linafuata. Jeusi ni kifungu kidogo ambacho ungeweza kukifunika kwa kiganja. Mwaka uliopita mvua ilikuwa ya kutosha na la madoa lilizaa kwa fujo, ilhali jeusi, ambalo hupenda udongo mkavu, liliota vizuri, likanywa maji mengi mno, likaoza mizizi.

Bibi anachukua kopo. Anapima kutoka kwenye kilima kile makopo kadhaa na kuyamimina kwenye sufuria: hayo ni chakula, na mengine yatauzwa. Anapunguza na la njano kidogo. Kisha anafungua kifuko cha kitambaa alichokuwa nacho tangu msimu wa nyuma zaidi, anatoa ukufi mmoja wa maharage meusi, anauongeza kwenye kile kifungu kilichoshindwa. Baada ya hapo ndipo anachanganya yote upya.

"Bibi, hili jeusi mwaka jana halikuzaa. Mbona unalirudisha?"

"Mjukuu wangu, mwaka jana umekwisha."

Hakunieleza zaidi, na sikumlazimisha. Lakini jibu hilo lina hesabu ndani yake, hesabu ambayo wataalamu wa mageuko ya viumbe waliifikia kwa kalamu katika karne ya 20. Nataka niieleze polepole, maana bila hiyo hatuwezi kuona jinsi ule ukufi ulivyo na akili.

Chukua aina mbili za maharage. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano tu. Ya kwanza tuiite ya pupa: mwaka wa mvua nzuri debe moja la mbegu hutoa madebe 8, mwaka wa ukame hutoa robo debe. Ya pili tuiite ya taratibu: mwaka mzuri hutoa madebe 3, mwaka mbaya hutoa debe 1, yaani hurudisha mbegu yake na basi. Tuseme miaka mizuri na mibaya huja kwa kubahatisha, nusu kwa nusu. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili, ya pupa ina wastani wa zaidi ya madebe 4 kwa mwaka na ya taratibu ina madebe 2. Afisa mwenye karatasi mkononi atasema panda ya pupa, na wala hatakuwa amekosea kujumlisha.

Kosa lake ni kujumlisha penyewe. Mbegu haijumlishwi, huzidishwa. Mavuno ya mwaka huu ndiyo mbegu ya mwaka ujao, kwa hiyo miaka hukaa juu ya mabega ya miaka mingine. Mwaka mmoja mzuri na mmoja mbaya, kwa ya pupa, ni 8 mara robo: madebe 2. Kwa ya taratibu ni 3 mara 1: madebe 3. Endelea hivyo miaka kumi, mitano mizuri na mitano mibaya kwa mpangilio wowote, ukipanda yote unayovuna. Ya pupa imetoka debe 1 hadi madebe 32. Ya taratibu imefika 243. Aliyekuwa nyuma kwa wastani ameongoza mara saba na ushei. Na kama mwaka mmoja tu ungeipa ya pupa sifuri, hesabu yote ingekuwa sifuri, maana hakuna mwaka mzuri uwezao kuzidisha sifuri ikawa kitu.

Sasa changanya. Panda kila mwaka nusu ya hii na nusu ya ile. Mwaka mzuri debe la mchanganyiko hutoa madebe 5 na nusu, mwaka mbaya zaidi kidogo ya nusu debe. Zidisha miaka ile ile kumi: unapata madebe karibu 480. Mchanganyiko umeishinda hata aina iliyo bora peke yake. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea.

Na hapa ndipo mkono wa Bibi unapoingia. Zile 480 hupatikana kwa sharti moja: kila msimu mtu arudishe nusu kwa nusu. Ukichanganya mara ya kwanza tu, kisha ukaacha maharage yajipange yenyewe, mwisho wa miaka kumi una madebe 137 na nusu, pungufu hata kuliko kupanda ya taratibu pekee. Sababu ni rahisi kuiona kwenye gunia. Miaka mitatu mizuri ikifuatana, ya pupa itakuwa imejaza asilimia 95 ya kibuyu. Anayepanda kama alivyovuna atadhani bado ana mchanganyiko, na mwaka wa nne ukame ukija utamkuta na aina moja. Tofauti kati ya 137 na 480 ni ile kazi ya kupunguza kilima na kuongeza ukufi.

Wazo la kwamba vitu vinavyozidishana vina wastani wake ni la zamani. Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, aliandika mwaka 1738 juu ya mfanyabiashara mwenye mali ng'ambo, akaonyesha kwa hesabu kwa nini ni heri kuigawa katika merikebu mbili kuliko kuipakia yote katika moja. Hakuna nahodha wa jahazi kati ya Lamu na Muscat ambaye angehitaji kuonyeshwa. Kuliingiza wazo hilo katika elimu ya viumbe hai kulichelewa. Mwaka 1966 Dan Cohen, mtafiti wa Israel, aliuliza swali kuhusu mimea ya jangwani inayoishi msimu mmoja: kwa nini mbegu zake hazioti zote mvua inaponyesha? Mmea unaootesha mbegu zote hufaidi sana mwaka mwema. Lakini mvua ikikatika baada ya wiki mbili, ukoo wake umekwisha. Ule unaoacha sehemu ya mbegu zimelala udongoni hupoteza kidogo kila mwaka mwema, na hubaki hai mwaka mbaya. Cohen alionyesha kwamba kadiri mvua isivyotabirika, ndivyo inavyofaa mbegu nyingi zaidi zilale.

Baadaye Lawrence Venable na wenzake walikaa jangwani karibu na Tucson, Arizona, wakihesabu mimea hiyo kwa zaidi ya miaka 20, mche kwa mche, mvua kwa mvua. Waliyochapisha mwaka 2007 yalikubaliana na hesabu: spishi ambazo mafanikio yake hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka ndizo zinazoacha mbegu nyingi zaidi zimelala. Nawaheshimu watu hao kwa sababu ile ile ninayomheshimu Bibi. Miaka 20 ya kupiga magoti na kuhesabu miche midogo kuliko ukucha haivumiliwi na mtu asiyeipenda kazi.

Kwetu wako walimu wa somo hilo hilo, tena wana mapezi. Kisiwani Unguja, kwenye madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, huishi samaki mdogo anayeitwa Nothobranchius guentheri, dume lake likiwa na mkia mwekundu kama shanga. Ana ndugu wengi bara, kuanzia nyanda za pwani hadi kwenye mbuga. Maisha yake yote ni kati ya mvua na kiangazi. Hukua upesi, hutaga mayai ndani ya tope, dimbwi hukauka, naye hufa. Mayai hubaki kwenye tope lililopasuka, ukuaji wake umesimama, mpaka maji yarudi. Na yakirudi, hayaanguliwi yote. Mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo, yenye kujaza dimbwi kwa siku kumi kisha jua likashinda; mayai yaliyong'ang'ania usingizi ndiyo yatakayoiona mvua ya kweli. Samaki mama hajui hata moja la haya. Ila koo zote ambazo mayai yake yaliamka kwa pamoja zilipata siku yao mbaya, na hazina wajukuu.

Huo ndio uteuzi wa asili pale ambapo mazingira hubadilika bila ratiba. Tumezoea kuufikiria kama fundi anayechonga kitu kielekee umbo fulani: twiga shingo, duma miguu. Visiwani Galápagos, kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, Peter na Rosemary Grant waliona sura yake nyingine. Walianza kuwapima ndege wala mbegu wa pale mwaka 1973. Ukame wa 1977 uliua wengi mno, na waliosalia walikuwa wenye midomo minene iwezayo kuvunja mbegu ngumu. Ungedhani njia imeshapatikana. Kisha mvua za El Niño za 1982 na 1983 zikafurika, mimea yenye mbegu ndogo ndogo ikatamba, na miaka iliyofuata wenye midomo midogo ndio waliopata nafuu. Fundi alichonga, akageuka, akachonga kinyume. Anayemtazama kwa mwaka mmoja atasema ana mwelekeo. Anayemtazama kwa miaka arobaini atasema anafuata hali ya hewa.

Yote haya yanategemea jambo moja ambalo wakulima wa Hanang hulijua kwa mwili: je, mwaka uliopita unatabiri ujao? Kama ukame huja kwa mkururo, miaka mitano mfululizo, basi mshindi wa mwaka jana ni mshauri mwema na kundi la viumbe linaweza kumfuata. Kama miaka huja kama sarafu iliyorushwa, kumfuata ni kukimbiza kivuli. Kila utakapomfikia, jua limeshahama. Mvua za hapa ziko katikati. Kuna vuli, ambayo miaka mingine ni nyingi na miaka mingine ni vumbi. Kuna kiangazi kifupi baina yake na masika, na urefu wa kiangazi hicho ndio huamua kama mahindi yatatoa mbelewele penye maji au penye jua. El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mafuriko. Ukame wa 2008 na 2009 ulikausha malisho kaskazini mwa Tanzania, ng'ombe wakafa kwa maelfu. Vuli ya 2023, tarehe 3 Desemba, Mlima Hanang uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Asubuhi ile ya Desemba hakuna aliyekuwa na hesabu ya kumwokoa mtu.

Nikirudi kwenye ungo, naona kwamba Bibi hairudishi nusu kwa nusu kama mfano wangu. Kilima anakipunguza lakini hakilinganishi na mengine. Jeusi analiongeza lakini haliwi sawa na la madoa. Anausikiliza mwaka jana kwa sikio moja. Kama ningepewa takwimu za mvua za miaka mia na kompyuta, ningetafuta kwa siku nyingi kipimo cha sikio hilo moja, kiasi gani cha kuamini na kiasi gani cha kusahau. Yeye anakipata kwa kopo. Waswahili wa pwani husema usiache mbachao kwa msala upitao, na methali hiyo huonya juu ya kutupa cha zamani. Ufundi huu unakwenda hatua moja mbele: msala nao anautandika, ila mbachao haukunjwi.

Maharage yanafaa kwa ufundi huu kwa sababu ya maumbile yake. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo jeusi likipandwa bega kwa bega na la njano, watoto wa jeusi hubaki weusi na wa njano hubaki wa njano. Rangi ni alama inayomwezesha kuhesabu. Nyuma ya kila rangi kuna tabia: hili hukomaa mapema, hili hutambaa na kujifunika majani, hili huvumilia udongo uliochoka. Mara chache nyuki hupenyeza chavua ya jirani, na msimu unaofuata huonekana haragwe lenye sura ngeni. Nilimwona Bibi akilikuta moja la aina hiyo, kijivu lenye mchirizi wa njano. Alilitazama juani, akalitia kwenye kona ya kanga, akafunga fundo. Litapandwa peke yake karibu na jiko, aone lina nini.

Mahindi yana ustaarabu mwingine kabisa. Chavua yake husafiri na upepo, na shamba la jirani huingia katika lako bila hodi. Kwa hiyo mahindi ya mbegu Bibi huyachukua katikati ya shamba, mbali na mipaka, kwenye mashina yaliyosimama wima yakiwa yamezungukwa na wenzake, si yale ya pembeni yaliyonenepa kwa kukosa washindani. Hutundikwa juu ya jiko, moshi uyafukuzie dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika akaonekana nchini kwanza Tabora karibu na mwaka 1980, na ambaye wakulima walimwita Scania kwa jinsi anavyomaliza ghala.

Maharage yenyewe ni wageni waliogeuka wenyeji. Yalitoka Amerika, ambako yalifanywa zao mara mbili, Mexico na jirani zake, na tena kwenye milima ya Andes, yakafika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Aina za asili zote mbili zilipanda milima ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, mikononi mwa wanawake, karne baada ya karne. Rwanda, Burundi na Kivu kuna kaya zinazopanda mchanganyiko wa aina nyingi kuliko ungo wa Bibi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Louise Sperling na wenzake waliwaalika wanawake mabingwa wa maharage Rwanda waingie kwenye mashamba ya majaribio na kuchagua wenyewe. Aina walizochagua wanawake hao zilifanya vizuri mashambani kuliko zile zilizokuwa zimechaguliwa na wataalamu, kwa sababu walikuwa wakiangalia vitu ambavyo fomu haikuuliza: litastahimili kivuli cha migomba? Litaivaje pamoja na wenzake?

Sisemi hivi kwa kudharau vituo vya utafiti. Lyamungo 90, Selian 97 na Jesca ni kazi za watafiti wa Tanzania, na ziko kwenye ungo wa wakulima wengi wa kaskazini. Nakaribia kuamini kwamba mojawapo ya mafungu ya Bibi ni mtoto wa Lyamungo aliyesahau jina la kituo. Mbegu ya dukani akiipata huijaribu, na ikifaa inaingia kwenye mchanganyiko kama mkwe. Kinachoniuma ni kwamba sheria zetu hazina jina la kile anachokifanya. Tanzania ilitunga mwaka 2012 sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, jumuiya ya kimataifa ya haki hizo. Ili aina itambuliwe ni lazima iwe ya pekee, mimea yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Mchanganyiko wa Bibi unashindwa katika masharti yote matatu, na unafaa kwa sababu hiyo hiyo.

Mfano wa kinyume hauko mbali na hapa. Kuelekea Basotu, kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali NAFCO kwa msaada wa Canada lililima mashamba makubwa ya ngano juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia, ekari zipatazo 100,000, upande hadi upande ngano tupu. Ngano ya namna hiyo hupendeza macho. Lakini mazingira ya mmea ni pamoja na wadudu na kuvu, na hao nao wana mageuko yao. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere nchini Uganda, ilionekana kutu ya shina ya namna mpya, ikaitwa Ug99. Iliishinda jeni ya Sr31, ambayo wazalishaji wa ngano duniani kote walikuwa wameitegemea kwa miaka mingi, na kufikia 2009 ilikwisha thibitishwa Tanzania. Kinga moja ilikuwa imetandazwa juu ya mabara, na kuvu alihitaji kupata ufunguo mmoja.

Wabarabaig walionyang'anywa malisho yale wana toleo lao la ungo. Mtu mwenye ng'ombe thelathini hawaweki wote kwenye boma lake. Kumi wako kwa shemeji, watano kwa rafiki upande wa pili wa bonde, wengine kwa mtoto wa dada. Ugonjwa ukiingia boma moja, au mvua ikiruka bonde moja, kundi halifiki sifuri. Bibi hugawa hatari katika rangi na katika miaka, wao huigawa katika ardhi na katika udugu. Mhesabu angeandika mlinganyo mmoja kwa wote.

Kuna jambo moja zaidi nililolielewa siku ya tatu. Arusha, katika benki ya taifa ya mbegu, sampuli za mazao yetu hulala kwenye baridi kali, na ni vema zilale. Siku moja zitahitajika. Lakini mbegu iliyogandishwa hubaki na ujuzi wa mwaka ilipoingia. Ungo wa Mogitu umepita ukame wa 2009 na vuli ya 2023, na kila mara kuna mbegu zilizokufa na zilizosalia, kisha mkono ukapita juu yake kuhakikisha kwamba waliosalia hawajifanyi kuwa ndio pekee. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya mbegu huoza, tena upesi, na kwa hiyo lazima ipandwe ili iwekwe.

Bibi alipomaliza kuchanganya alijaza vibuyu vitatu. Cha kwanza kitapandwa mapema, udongo ukiwa bado na vumbi, kuikamata mvua ya mwanzo kama itakuwa ya kweli. Cha pili kitangoja udongo ulowe mpaka kina cha jembe. Nilipoelekeza kidole kwenye cha tatu alitikisa kichwa. Hicho hakipandwi mwaka huu. Alikitia majivu mapya, akakitikisa taratibu karibu na sikio ili yapenye kila mahali, akakiziba kwa gunzi, akapaka samadi ya ng'ombe kuzunguka mdomo. Kisha akanikabidhi nikipeleke darini, kwa sababu magoti yake hayapandi tena ngazi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilikiweka kwenye boriti ya kwanza niliyoifikia, naye kutoka chini akaniambia nikisogeze mbele kidogo, mahali moshi unapopita.